Waya umetengenezwa lakini rezo inasumbua: hesabu ya mwangaza ambayo wengi wanaisahau

Tingatinga ya kutengeneza barabara inakata waya wa fibra optiki. Mafundi wanafika, wanachimba, wanaunga waya, wanafukia shimo na kurudi kwao. Jioni intaneti inarudi. Kisha, wiki chache nyuma yake, mambo yanaharibika tena bila mtu kugusa ule waya. Video inasimama katikati, ujumbe wa WhatsApp unabaki na alama ya saa, feza inayotumwa kwa simu inachelewa kufika. Wakaaji wanasema rezo ni mbaya. Fundi anatumwa kuangalia, naye anakuta waya ni mzima kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kwa mtu aliyenunua megabaiti kwa franga zake, jambo hilo linafanana na udanganyifu. Mara nyingi jibu liko katika hesabu ya kujumlisha na kutoa, ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifuata. Mainjinia wanaiita bajeti ya nguvu ya mwangaza. Isipofanywa vizuri siku ya kwanza, ao ikisahauliwa baada ya waya kuwekwa, njia ya fibra inaweza kufa pole pole, mkato mmoja baada ya mwingine.

Jambo hili haliwahusu tu wale wenye fibra nyumbani. Minara mingi ya simu katika miji inapata intaneti yake kupitia fibra. Njia ya fibra ikilegea, hata mwenye simu ndogo sokoni anaona matokeo yake.

Mwangaza unalipa kwenye kila bariere

Fibra optiki ni uzi wa kioo. Katika fibra za safari ndefu, sehemu ya katikati ambamo mwangaza unapita ina upana wa mikromita 9 hivi. Unywele wa mtu ni mnene mara saba kuupita, ao zaidi. Upande mmoja kuna leza inayowaka na kufifia mabilioni ya mara kwa sekunde moja, na huko kuwaka na kufifia ndiko kunabeba maneno, picha na sauti. Upande wa pili kuna kipokezi kinachosoma ule mwangaza.

Kipokezi hakihitaji mwangaza mwingi. Lakini kina kiasi chake cha chini, na mwangaza ukishuka kupita hapo, kinaanza kukosea. Kinasoma giza pahali pa mwangaza, na mwangaza pahali pa giza. Makosa yakiwa machache, mitambo inatuma habari tena na mteja anaona intaneti nzito. Makosa yakizidi, njia inakatika kabisa.

Kila anayesafiri katika Kivu anaweza kuelewa kinachotokea katikati. Mama muuzaji anatoka nyumbani na feza mkononi. Kwenye kila bariere analipa kidogo. Akifika sokoni akiwa na kiasi cha kutosha kununua bidhaa, safari yake imefaulu. Akifika mikono mitupu, amechoka bure, hata kama barabara yenyewe ilikuwa wazi.

Mwangaza nao unalipa njiani. Kioo chenyewe kinakula sehemu kwa kila kilometa. Kila kiungo ambapo nyuzi mbili ziliyeyushwa na kushikanishwa kinakula kidogo. Kila konekta, yaani kichwa cha waya kinachochomekwa katika mtambo, kinakula zaidi ya kiungo. Waya uliopindwa sana unavujisha mwangaza inje ya kioo.

Tofauti ni moja. Kwenye bariere za mwangaza halipwi kiasi kilekile kila mara, linalipwa fungu la kile kilichobaki. Hesabu ya mafungu ni nzito, kwani ni kuzidisha na kuzidisha tena. Kwa hiyo mainjinia wanatumia kipimo cha desibeli, kinachogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Mwangaza ukipoteza desibeli 3, umebaki karibu nusu. Ukipoteza 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Ukipoteza 20, imebaki sehemu moja ya mia.

Nguvu yenyewe inaandikwa kwa dBm, kipimo kinacholinganishwa na miliwati moja. 0 dBm ni miliwati moja kamili. Namba zenye alama ya kutoa ni chini ya hapo: -10 dBm ni sehemu ya kumi ya miliwati, na -23 dBm ni kama sehemu moja ya 200.

Kutoka desibeli 1.000 hadi 0,2

Hesabu hii ni ya zamani kuliko fibra yenyewe. Mwaka 1966, Charles Kao na mwenzake George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara huko Harlow, Uingereza, walieleza kwamba kioo kinaweza kubeba mazungumzo ya simu ikiwa upotevu wake utashuka chini ya desibeli 20 kwa kilometa. Wakati ule kioo kizuri kilikuwa kinapoteza desibeli 1.000 hivi kwa kilometa, na wengi hawakuona namna gani lingewezekana. Mwaka 1970 watafiti wa kampuni ya Corning ya Marekani walishuka chini ya kiasi hicho. Mwaka 2009 Kao alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Desibeli 20 kwa kilometa maana yake ni kwamba baada ya kilometa moja inabaki asilimia moja ya mwangaza. Fibra ya siku hizi inapoteza karibu 0,2. Asilimia ileile moja inabaki baada ya kilometa 100. Kwa sababu hiyo leo mji unaweza kuunganishwa na mwingine bila kituo chochote katikati.

Mfano: kutoka Butembo hadi Beni

Tuchukue umbali ambao wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanaujua. Kutoka Butembo hadi Beni, kwa barabara ya kitaifa namba 2, ni kilometa 54 hivi. Huu ni mfano wa hesabu tu. Haueleze waya wa kampuni yoyote.

Jambo la kwanza: urefu wa fibra si urefu wa barabara. Mafundi wanaacha mizunguko ya akiba kwenye visanduku vya viungo, waya unashuka na kupanda, unazunguka madaraja na mitaro. Tuseme kilometa 57. Kwa rangi ya mwangaza inayotumika kwenye safari ndefu, yaani nanomita 1550, tukipanga upotevu wa 0,22 kwa kilometa, kioo peke yake kinakula desibeli 12,5.

Waya unakuja kwa mabobini. Ikiwa kila bobini ina kilometa 4, zinahitajika 15, na kati yao kuna viungo 14. Ongeza kiungo kimoja kwenye kila mwisho, inakuwa 16. Kwa 0,1 kila kimoja, ni desibeli 1,6.

Kisha konekta. Kwenye kila mwisho kuna mbili: moja kwenye kabati la fibra na nyingine kwenye mtambo. Jumla ni nne. Kwa 0,5 kila moja, ni desibeli 2.

Hesabu yote: 12,5 na 1,6 na 2, jumla 16,1.

Sasa tuangalie mfuko. Vifaa vya aina ya kilometa 80 vinavyotumika sana kwa mwendo wa gigabiti moja vinaahidi kutuma si chini ya 0 dBm na kupokea hadi -23 dBm. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni 23. Hiyo ndiyo bajeti. Ukitoa 16,1, unabaki na desibeli 6,9.

Angalia kwamba imechukuliwa namba mbaya ya kutuma, si ile nzuri. Siku ya kwanza leza inaweza kutoa 2 ao 3 dBm, na kila mtu anafurahi. Lakini leza inazeeka, na atakayeinunua badala yake miaka mitano nyuma anaweza kupata ile iliyo kwenye kiasi cha chini kabisa. Mwenye kupiga hesabu kwa namba nzuri anajenga nyumba akitumaini kwamba mvua haitanyesha.

Mkato wa 23

Desibeli 6,9 zinaonekana nyingi. Lakini waya wa Kongo una maisha yake: kuna mmomonyoko wa udongo unaobeba kingo za barabara, mashine za barabara, watu wanaochimba msingi wa nyumba ao mfereji wa maji, moto wa shamba kwa waya zilizotundikwa kwenye nguzo, tena wezi wanaodhani ndani kuna shaba. Fibra haina shaba, ila mwizi anajua hilo baada ya kukata.

Waya ukikatwa, ni mara chache ncha mbili zinaweza kuvutwa na kukutana. Mafundi wanaweka kipande kipya katikati, na kipande kimoja kinahitaji viungo viwili, kimoja kila upande. Kazi inafanywa kandokando ya barabara, katika vumbi ao potopoto, pengine usiku, huku simu za wakubwa zikilia. Kiungo cha namna hiyo kikipoteza 0,15, mkato mmoja unaongeza desibeli 0,3.

Gawa 6,9 kwa 0,3. Jibu ni 23. Baada ya kutengenezwa mara 23, bajeti ya mfano wetu imekwisha. Waya utakuwa mzima, kila kiungo kitakuwa kimefungwa vizuri, na njia inaweza kuanza kukatika. Kwa waya unaokatwa mara moja kwa mwezi, hiyo ni chini ya miaka miwili.

Na hapo hakujawekwa akiba. Ni desturi kuacha desibeli 3 hivi zisiguswe, kwa ajili ya kuzeeka kwa leza, uchafu na mambo yasiyotarajiwa. Ukitoa hizo, imebaki 3,9 ya kutumia kwa matengenezo. Hapo mikato inayokubalika ni 13. Kiungo kimoja kilichofanywa vibaya, kinachokula desibeli 1 peke yake, kinakula nafasi ya mikato mitatu.

Kwa hiyo kila matengenezo yanapaswa kuandikwa: tarehe, pahali, upotevu wa kiungo kabla ya kufunga kisanduku. Pasipo daftari hiyo, kampuni haijui imebaki na nini mfukoni. Itajua siku rezo itakapokatika.

Taa nyekundu nyumbani

Hesabu ileile inaingia hadi sebuleni. Katika rezo ya fibra ya majumbani, uzi mmoja kutoka kituo unagawanywa kwa wateja wengi kwa kifaa kidogo kisichotumia umeme, kigawa mwangaza. Kikigawa kwa wateja 32, kila mmoja anapokea sehemu ndogo sana: upotevu ni desibeli 17 hivi. Kikigawa kwa 64, zinaongezeka 3,5 nyingine.

Rezo hizi mara nyingi zinapangwa kwa bajeti ya desibeli 28. Mteja aliye kilometa 10 kutoka kituo, kwenye kigawa cha 32, anaweza kuwa ametumia 23 ao 24 kati ya hizo. Zimebaki nne hivi. Mtu akibadilisha kigawa na kuweka cha 64 ili kupata wateja wengi kwa uzi uleule, imebaki moja, pengine chini ya moja. Siku hiyo intaneti inaendelea. Lakini mtoto akisogeza meza na kukunja waya nyuma ya kabati, ao vumbi likiingia kwenye konekta, taa yenye herufi LOS kwenye modemu inawaka nyekundu.

Vumbi si jambo dogo. Chembe isiyoonekana kwa macho inaweza kufunika sehemu kubwa ya njia yenye upana wa mikromita 9. Fundi mzuri anasafisha konekta kila anapoichomoa, hata kama aliisafisha saa moja iliyopita. Tena fundi mzuri hatazami kamwe ndani ya fibra inayofanya kazi: mwangaza wake hauonekani kwa jicho, lakini unaweza kuliumiza.

Mwangaza ukizidi

Kuna kosa la upande wa pili. Mtu anaweza kufikiri kwamba ili kuondoa wasiwasi, anunue vifaa vyenye nguvu nyingi na kuviweka kila pahali. Kipokezi kina kiasi cha chini na pia kina kiasi cha juu. Kifaa cha kilometa 80 kikiwekwa kati ya majengo mawili yaliyo kilometa 2 moja kwa mwingine, mwangaza unafika ungali mkali, unalevya kipokezi na unaweza hata kukiunguza. Hapo mafundi wanaweka kipunguza mwangaza, kifaa kidogo kinachokula desibeli 5 ao 10 makusudi. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na kifaa kilichoungua.

Vilevile bajeti ya mwangaza haimalizi maswali yote. Kwa mwendo mkubwa, kama gigabiti 10 na zaidi, kila alama ya mwangaza inapanuka njiani hadi inagusana na nyingine. Njia inaweza kuwa na mwangaza wa kutosha na bado isisomeke. Hesabu hiyo inafanywa pembeni, na vifaa vya safari ndefu vinanunuliwa kwa kuifuata.

Kutafuta kosa

Njia ikilegea, chombo kinachotumika kinaitwa OTDR. Kinatuma mpigo wa mwangaza ndani ya fibra na kusikiliza mwangwi unaorudi. Kwa kuwa mwangaza unakwenda karibu kilometa 200.000 kwa sekunde ndani ya kioo, muda wa kurudi unaonyesha umbali. Kwenye skrini unatokea mstari unaoshuka pole pole. Kila kiungo ni ngazi ndogo, na mkato ni shimo la ghafula.

Mafundi wenye uzoefu wanapima kwa rangi mbili za mwangaza. Upotevu ukiwa mkubwa zaidi kwenye rangi yenye mawimbi marefu, kosa ni waya uliopindwa. Ukifanana kwenye rangi zote mbili, kosa ni kiungo kibaya. Lakini chombo kinahesabu urefu wa fibra. Kikisema kilometa 31, hakimaanishi jiwe la kilometa 31 barabarani. Mizunguko ya akiba ikiwa haikuandikwa kwenye ramani, vibarua watachimba mita mia kadhaa mbali na kosa, na mji utangoja.

Safari ndefu zaidi

Mahali ambapo bajeti haitoshi, kunawekwa kituo cha kukuza mwangaza, mara nyingi kila kilometa 80 hivi. Kwa waya wa chini ya bahari, umeme wa vikuzaji unatumwa kutoka pwani ndani ya waya uleule. Ndivyo inavyofanya kazi WACS, unaofika Muanda na uliounganisha Kongo mwaka 2013. Kwenye inchi kavu, kila kituo kinahitaji umeme wake: paneli za jua, betri, jenereta, mazuti na mlinzi. Kutoka Muanda hadi Goma ni zaidi ya kilometa 2.000 kwa barabara. Gawa kwa 80, utaona vituo 25 ao zaidi, na kimoja kikizimika vinavyofuata havina cha kukuza. Upande wa mashariki, njia iliyo karibu zaidi na bahari inapitia inchi jirani hadi Mombasa ao Dar es Salaam, na kila kipande chake kina hesabu yake.

Maswali ya kuuliza

Shule, hospitali, shirika ao duka linalotaka kuletewa fibra halihitaji injinia ili kujilinda. Kabla ya kutia sahihi na kulipa, linaweza kuomba mambo manne: kiasi cha mwangaza kilichopimwa kwenye konekta ya mwisho, kwa dBm, kiasi cha chini ambacho kifaa kinakubali, tofauti kati ya hizo mbili, na karatasi ya vipimo vya OTDR ya siku ya kukabidhi kazi.

Kwa modemu za nyumbani ambazo kiasi chao cha chini ni -27 dBm, kipimo cha -20 kinatuliza. Kipimo cha -26 ni onyo, hata kama siku hiyo filamu inapita bila kusimama. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na mkataba. Siku rezo itakapoanza kusumbua na kuambiwa kwamba waya ni mzima, mteja atakuwa na namba ya kulinganisha.